Jedwali Ambalo Kaka Hakuliruhusu Litoke

Ndugu waombolezaji, mdogo wake marehemu amepewa na familia jukumu la kuwasomea safari ya kaka yetu, na anaomba mumvumilie, kwa kuwa sehemu ya safari hii ameijua Jumatatu iliyopita tu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1966, wa kwanza kati ya watoto wawili wa mama mshonaji na baba dereva wa lori, akaanza shule ya msingi mwaka 1973, akaendelea na sekondari, na mwaka 1988 akahitimu stashahada ya takwimu, akiwa tayari na tabia ya kusoma kila karatasi mara mbili, hata barua za mapenzi, kama wifi yetu anavyoshuhudia.

Alianza kazi Januari 1989 akiwa karani wa kumbukumbu hospitalini, na tarehe 2 Machi 2009 akahamishiwa chumba cha takwimu, mahali ambapo watafiti huruhusiwa kusoma kumbukumbu za wagonjwa na za wazee wanaotunzwa, zikiwa zimeondolewa majina. Chumba hicho hakina dirisha, kompyuta zake sita hazina mtandao, simu huachwa kwenye sanduku la chuma mlangoni, na hata kalamu haiingii. Mtafiti hakutoka na kitu mpaka marehemu akikague, na kanuni kubwa ilikuwa kwamba idadi yoyote ya watu isiyofika kumi haitoki, kwa sababu watu wachache hutambulika hata bila majina. Kwa kazi hiyo alikula kiapo kwamba aliyoyaona humo hatayasema wala kuyatumia nje, na wapwa zake wakamwita Mjomba Kufuli, kwani ukimuuliza kazini leo kulikuwa na nini, alikujibu, "Kulikuwa na viti."

Tarehe 17 Desemba 1994 alifunga ndoa na mke wake, mwalimu wa hesabu, wakajaliwa binti, ambaye sasa ni mkunga, na mwana, ambaye ni fundi umeme.

Mwaka 2016, mama yetu alipoanza kusahau njia ya kurudi nyumbani, marehemu na mdogo wake walikubaliana apelekwe kwenye nyumba ndogo ya kutunzia wazee. Mwishoni mwa Aprili 2018 marehemu alianza kwenda huko kila siku akitoka kazini, akimshika mama mkono mpaka bafuni na kumrudisha, hata mdogo wake akamtania mbele ya wauguzi, "Kaka, umeajiriwa huku?" naye akajibu, "Bado wananijaribu." Tarehe 12 Juni 2018, saa nne asubuhi, mama alianguka bafuni akavunjika nyonga, mdogo wake akapiga simu ya marehemu mara kumi na moja, nayo iko sandukuni, na tarehe 2 Julai mama akafariki. Siku ya maziko mdogo wake alimwambia, wengi wenu mkisikia, "Wewe na kufuli lako mmemuua mama," na kwa miaka miwili hakukanyaga kwake.

Jumatatu iliyopita, tukitafuta vyeti ili tarehe za historia hii zisikosewe, tulikuta nakala ya barua aliyomwandikia mkuu wake wa kazi tarehe 26 Aprili 2018, na mkuu huyo, aliye hapa nasi, ameturuhusu kuitaja. Barua inaeleza kwamba katika jedwali la mtafiti mmoja, kuhusu wazee walioanguka baada ya kubadilishiwa dawa ya usingizi, marehemu aliitambua nyumba ya mama yake, maana wilayani hakuna nyingine ndogo kiasi hicho, hivyo amelizuia jedwali kama kanuni inavyotaka, na kwamba jana yake, kinyume cha kiapo, alimuuliza muuguzi mama anatumia dawa gani, akajibiwa ni zile zile za zamani, na anaomba aadhibiwe. Mkuu aliandika pembeni kwamba mwana kuuliza dawa ya mama yake si kosa. Marehemu hakuuliza tena. Idadi iliyokuwa kwenye jedwali hatuijui, tunajua tu kwamba haikufika kumi.

Angesema neno moja, pengine mama angehamishwa, na angelisema, wagonjwa wote waliomwamini wangekuwa mikononi mwa mtu anayejichagulia lini aheshimu kiapo. Mdogo wake ameyapima hayo tangu Jumatatu na mizani haijatulia. Mtafiti yule ametueleza kwamba marehemu alikaa naye miezi kumi na minane, wakiunganisha miaka sita na wilaya zote, mpaka idadi zikatosha kutoka, na Februari 2020 taarifa ikachapishwa, wazee wakaacha kupewa dawa ile.

Septemba 2023 marehemu aligundulika kuwa na maradhi ya figo, akalazwa tarehe 8 Januari 2024, na alipoombwa kumbukumbu zake zitumike na watafiti, alisaini, akauliza mkaguzi atakuwa nani. Alifariki tarehe 3 Februari, saa nane mchana, mdogo wake akiwa kando ya kitanda, kinyongo bado moyoni, wakizungumzia mvua.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliotuletea viti na maji, na wafanyakazi wenzake, ambao leo wamekifunga chumba ili wawe hapa.

Kaka, maneno yale yalisemwa mbele ya watu, na mdogo wako anayafuta mbele ya watu. Pumzika kwa amani ambayo sisi hatukukupa.