Orodha ya Penseli ya Mwalimu Ntinyari

Mheshimiwa Naibu Mkuu wa Chuo, Msajili wetu Bwana Wako, Mwalimu Ntinyari tunayekuaga leo, ndugu wageni waalikwa, wafanyakazi wenzangu na wanafunzi.

Kabla ya yote nawasihi mzime simu, na kila neno nitakalosema libaki ndani ya ukumbi huu. Mimi ni Mawira, karani wa masjala, na mkataba wangu unaisha mwezi ujao. Nimetumwa na makarani wenzangu nimsifu Mwalimu, na nitamsifu.

Kwa miaka ishirini na sita Mwalimu Ntinyari amesimamia mtihani wa kuwapanga wanafunzi wapya katika madarasa ya Kiingereza. Anayefaulu huanza kozi yake mara moja. Anayewekwa Ngazi ya Kwanza husoma Kiingereza mwaka mzima kwanza. Mwalimu huandika orodha kwa penseli, hukaa nayo siku tatu, ndipo hutia wino. Nilipoajiriwa nilimuuliza kwa nini anajisumbua. Akaniambia, "Kijana, wewe unaona majina. Mimi naona mwaka wa mtu."

Mwaka huu alinipa heshima ya kutunga swali la kwanza la mahojiano ya Kiingereza katika mtihani huo. Alitaka liwe rahisi, la kumtuliza mwanafunzi. Mimi nimezaliwa Meru, kwa wakulima. Kwetu mgeni akiuliza habari za boma, unamhesabia hata ng'ombe wa jirani. Kwa hiyo niliandika: familia yenu ina mifugo wangapi? Utaratibu wetu mnaujua: asiyejibu swali la kwanza haulizwi la pili.

Wanafunzi saba walinyamaza, wote watoto wa wafugaji. Wanne wa Oldonyiro, wawili wa Ngaremara, na mmoja wa Sericho, aliyesafiri siku mbili kuja kunyamaza mbele yetu. Watahini waliandika sifuri, nami nikapendekeza wote wawekwe Ngazi ya Kwanza. Je, kuna aliyejiuliza mbona insha zao za mtihani huohuo zilikuwa nzuri? Mimi sikujiuliza.

Jana Akidor wa Ngaremara, aliyekuja kusomea uuguzi, alifika dirishani kwangu na karatasi yake ya matokeo ya mahojiano. Alinieleza kwa Kiingereza kilichonyooka, kisha akarudia kwa Kiswahili nisije nikasingizia kwamba sikuelewa.

"Karani, kwetu hesabu ya mifugo haitajwi mbele ya watu. Ni kuwaitia mabaya. Hata baba hajawahi kuniambia."

"Si ungetaja tu namba yoyote?"

"Nidanganye kwa mtihani? Ama nilaani ng'ombe za mzee ndio niingie darasa?" Akacheka kidogo. "Wewe ukitaka hesabu, kuja uchunge kwanza."

Nilimpelekea Msajili, Bwana Wako, habari hiyo. Alinijibu, nami namheshimu, "Mawira, mtihani umekwisha. Usinitafutie kazi." Yeye ndiye hutia sahihi mikataba yetu, kwa hiyo nilitoka nikafunga mlango polepole.

Mwalimu, sijui kama ni adabu kuomba jambo hili mbele ya keki yako. Sasa ni saa nane. Orodha inatiwa wino saa kumi, na baada ya hapo hata wewe hutakuwa na ruhusa ya kuigusa. Kosa ni la swali, na swali ni langu. Je, miaka saba ya watu ilipie swali langu? Wenzangu wamekuletea zawadi nzuri. Mimi nimekuletea kifutio. Naomba hao saba wahojiwe upya, na swali la kwanza nimeshaliandika: ulifikaje hapa?

Jambo moja tu naruhusu litoke nje. Wale saba, au yeyote anayewajua: nitakuwa masjala, mlango wa kijani karibu na tangi la maji, kuanzia sasa hadi saa kumi. Msipige simu, inapokelewa na wengine. Gongeni kioo mara mbili, mniambie namba ya usajili. Ya ng'ombe sitauliza.

Kwa kunisikiliza hadi hapa, nawashukuruni nyote.