Miaka ya Kaka Yetu Kinyozi Bila Pombe

Ndugu, jamaa na marafiki, haya aliyataka kaka yetu mwenyewe yasomwe bila kupunguzwa. Alituambia, "Mkisema nilikuwa mtu mwema tu, wanaonijua watacheka hapo hapo makaburini."

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1958, mtoto wa tatu wa fundi bomba na mkewe mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1973. Shuleni alijulikana kwa mkasi kuliko kwa hesabu. Siku moja alimnyoa kaka mkuu wa shule nusu kichwa, kengele ikalia, akamwacha hivyo hivyo hadi mapumziko. Baadaye alijifunza kazi kwa mjomba wetu, na mwaka 1982 akafungua duka lake la kinyozi mkabala na posta.

Mwaka 1985 alifunga ndoa na wifi yetu, mpishi wa shule ya bweni. Walijaliwa mabinti wawili. Wakati huo alikuwa akinywa jioni tu. Miaka ilivyokwenda akaanza kunywa mchana, kisha asubuhi kabla ya kufungua duka, ili mkono utulie.

Juni 1995, akiwa amelewa, alimkata seremala wa mtaa wetu kwa wembe akimnyoa ndevu, kutoka chini ya sikio hadi kwenye taya. Watu walipokusanyika alisema seremala alitikisika. Aliushikilia uongo huo hata mbele ya wazee, na seremala akaonekana mgomvi.

Mwaka uliofuata wifi aliondoka na watoto. Kaka alijaribu kuinuka kitandani. "Kaa tu," wifi akamwambia. "Sigombani na wewe. Nimechoka."

Dereva mstaafu wa lori, aliyekuwa mteja wake, ndiye aliyempeleka kwenye kikundi cha watu wanaosaidiana kuacha pombe kwa kufuata hatua kumi na mbili. Walikutana kila Alhamisi jioni katika darasa la watoto wadogo, watu wazima wamekalia viti vifupi, magoti yakigusa kidevu. Kaka alisimulia kwamba hatua ya kwanza, kukiri kuwa pombe imemshinda, ilimkaba kooni kuliko chupa yoyote. Aliikiri, akakaa miezi kadhaa bila kunywa, kisha akaanguka. Aliporudi kikundini alidhani atafukuzwa. Dereva, ambaye sasa alikuwa mlezi wake wa kumwongoza katika hatua hizo, akamsogezea kiti na kusema, "Tuanze tena ya kwanza." Tangu Septemba 1998 hakuonja tena.

Kisha ikafika hatua ya kuwaendea watu aliowaumiza. Wengine aliwaendea haraka. Kwa seremala alifika mara mbili hadi kwenye kona, akageuka. Mara ya tatu aliingia karakanani asubuhi, mafundi wote wakiwa kazini.

"Nilikukata nikiwa nimelewa," akasema. "Nikasema ulitikisika. Hukutikisika."

Seremala aliendelea kupiga randa. Hatimaye akaiweka chini.

"Leo umekunywa?"

"Hapana."

"Wembe unao?"

Kaka alikuwa nao mfukoni, mpya, ndani ya karatasi yake. Seremala akaketi kwenye benchi, akainua kidevu. "Ninyoe."

Misumeno ikanyamaza. Kaka akapaka sabuni, akafungua wembe, mkono ukaanza kutetemeka. Zamani angeficha. Siku hiyo alisema, "Mkono haujatulia. Nisubiri."

"Nasubiri."

Walikaa hivyo, povu likikauka shavuni. Kisha akapaka sabuni upya na kumnyoa, akipita polepole juu ya kovu. Seremala alijipapasa, akatazama vidole vyake, akarudi kwenye randa. Hakusema amesamehe. Wiki iliyofuata alikuja dukani na kukaa kwenye foleni kama wengine.

Wifi alichelewa zaidi kurudi. Mwanzo alikuja Jumapili kula tu, mkoba ukiwa mapajani. Mwaka 2001 aliuweka mkoba chumbani.

Mwaka 2021 kaka aligunduliwa kuwa na saratani ya ini. Akiwa amelazwa, rafiki yake wa ujana, aliyekuwa akinywa naye, alimtembelea na kichupa ndani ya koti. Maumivu yalikuwa makali mchana huo.

"Kunywa kidogo, ndugu yangu," akamnong'oneza. "Sasa kitakudhuru nini?"

Kaka alikiangalia kile kichupa kwa muda mrefu. Wifi, aliyeketi upande wa pili, ndiye aliyetusimulia haya.

"Nakitaka," kaka akajibu. "Ndiyo maana ukiondoe. Mwite dereva."

Dereva alikuja na wenzake wanne, wakafanya mkutano wao kuzunguka kitanda. Rafiki hakuondoka. Alisimama mlangoni, kisha akaomba kiti.

Kaka yetu alifariki asubuhi ya tarehe 3 Mei 2022, akiwa na akili zake timamu, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watano, na sisi dada zake wawili. Ameacha pia wenzake wa kikundi, ambao hawatajwi kwa majina. Wako hapa kati yetu, na yule rafiki wa hospitalini amekaa nao.

Mwenyezi Mungu ampokee, na apumzike kwa amani.