Sigurlaug Hallsdóttir, Aliyezisoma Zawadi Kabla ya Kuzifunga

Habari za kuzaliwa kwa marehemu alinisimulia kwanza mama yetu Hallbera, siku ya Pasaka mwaka 1971, nami naziwasilisha kama nilivyozipokea: dada yangu Sigurlaug alizaliwa hapa Siglufjörður tarehe 7 Februari 1946, wala si tarehe 8 kama cheti kinavyosema, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili, na mimi, Ármann, ndiye wa pili.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa, akamaliza sekondari Akureyri mwaka 1963, mwaka uliofuata akaajiriwa posta, alikotumikia hadi alipostaafu mwaka 2013.

Tarehe 15 Juni 1968 alifunga ndoa na Hallgrímur, baharia, aliyetangulia mbele ya haki mwaka 2009, nao wakajaliwa watoto wawili, Gerður mwaka 1969 na Kári mwaka 1972.

Wote mnajua kwamba kila Novemba Sigurlaug alinunua vitabu vya zawadi mapema kuliko mtu yeyote mjini, na kwamba kabla ya kuvifunga kwa karatasi alinawa mikono, akavisoma vyote, akivifungua kidogo tu kama mtu anayechungulia mlangoni, ili visionekane vimeguswa. Watoto wakimuuliza, alijibu, “Mimi? Nilikuwa nakagua kama kurasa zimetimia,” naye Hallgrímur akidakia, “Nyumba hii hata zawadi hutufikia imeshatafunwa.” Mkesha wa Krismasi, baada ya chakula, kila mmoja alipanda kitandani na kitabu chake na chokoleti, isipokuwa Kári.

Kári, baharia kama baba yake, hakupenda kusoma, na kwa kuwa kila kitabu cha zawadi hubandikwa kibandiko kinachomruhusu mpokeaji kukibadilisha dukani hadi katikati ya Januari, yeye tangu ujana wake alibadilisha vyote, akachukua karata, kalenda, hata tochi. Mama yake alivikuta vimerudi rafuni kwa Baldvin, mwenye duka, akauliza, “Kimerudi tena?” na Baldvin akajibu, “Kimerudi, dada, kama kondoo wa Septemba wakishuka milimani.” Jambo hilo lilimuuma, lakini hakumlaumu mwanawe wala hakuacha kumpa, kwa sababu, kama alivyoniambia mwaka 2003, hakuwa na njia nyingine ya kuzungumza na mtoto ambaye akiwa baharini yuko mbali, na akiwa nyumbani yuko kimya.

Oktoba mwaka jana aligundulika kuwa na saratani ya ini, akalazwa Akureyri, na kwa mara ya kwanza mkesha ukamkuta hajamaliza kusoma zawadi. Alimpa Kári kitabu chenye uzi wa sufu katikati, akasema, “Nimeishia hapo. Nataka kujua yule mjane alimfungulia nani mlango.” Kári akasema, “Mama, kusoma kwa sauti ni kazi ya makasisi.” Akamjibu, “Basi nisomee kibaharia.”

Akasoma, kila jioni, akijikwaa, hata Bi Jórunn wa kitanda cha pili akamkemea, “Rudia hapo, kijana, umeruka mstari!” na Kári, mwenye miaka hamsini na mmoja, akarudia. Tarehe 2 Januari mlango wa mjane ulifunguliwa, Sigurlaug akacheka, akasema, “Nilijua,” na tarehe 6, siku tunayoiaga Krismasi, akafariki dunia, ikiwa imebaki sura moja.

Siku nne baadaye Kári aliingia dukani na kitabu kile, Baldvin akanyoosha mkono kukipokea kama miaka yote, lakini Kári hakukiachia, akamwomba tu amsaidie kubandua kibandiko bila kuchana jalada.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Akureyri, majirani waliofukua theluji mlangoni petu bila kuombwa, wenzake wa posta, na Baldvin, aliyefunga duka leo Jumamosi ili awe nasi. Baada ya maziko, kwenye kahawa, Kári atasoma sura iliyobaki, na naomba mtu yeyote asimsahihishe, isipokuwa Bi Jórunn, aliyeruhusiwa kutoka hospitali wiki iliyopita.

Kati ya waliotajwa hapa, mama yetu na Hallgrímur wametangulia. Gerður, Kári, Baldvin, Bi Jórunn na mimi bado tupo.

Lala kwa amani, dada, utasomewa mpaka mwisho.