Jina Ambalo Mama Hakulitaja

Bwana Yesu apewe sifa, wapendwa. Mimi ni Mama Paulina, mnanijua hapa Karatu, lakini kwetu ni Malambo.

Ndugu zangu, nilikuwa na nyama puani. Nilikoroma hadi mume wangu akasema nyati wa kreta, kule mbugani, amehamia chumbani. Alinitania hivyo, lakini alikuwa anakaa macho kusikiliza kama bado napumua. Ilikuwa miaka ile ya baada ya vita vya Kagera, hata sabuni ni ya foleni. Daktari akasema nikatwe. Mama yangu, wakati huo bado hajaokoka, akaja kutoka Malambo kuniuguza.

Kabla ya kunipangia siku, daktari akaniuliza kama katika ukoo wetu kuna mtu aliyewahi kutokwa na damu isiyokatika. Nikajibu hakuna, na sikudanganya. Akamulika kinywa changu.

"Wewe Mmaasai wa Malambo, mbona meno ya chini hawakukung'oa?"

Nikacheka. Kwetu mtoto hung'olewa meno mawili ya mbele, ya chini. Mimi niliachiwa yote, na wenzangu walinicheka sana. Kila nilipomwuliza mama, alininyamazisha.

Ndugu zangu, kwetu marehemu hatajwi jina. Mama, aliyekuwa amekaa kando yangu, alijifunika uso kwa shuka. Nikamshika mkono. Kisha akasema, "Daktari, kabla ya huyu nilikuwa na mwingine, wa kiume. Jina lake Saning'o. Walimng'oa meno, damu ikakataa kusimama. Baba yake akasema huyu asiguswe."

Daktari akanichoma sikioni, akaangalia saa, akaendelea kuangalia. Damu ilichelewa mno kukatika. Akasema huu ni ugonjwa wa kuzaliwa nao, unatembea katika ukoo, na angenikata bila kujua ningefia mezani. Nikapelekwa hospitali kubwa. Wakaniongezea kwanza maji ya damu ya kusaidia kugandisha, ndipo wakanikata, nikapona.

Namshukuru Yesu. Alitumia kinywa cha mama ambaye hata kuomba alikuwa hajui. Nampenda huyu bibi, mama yangu, kuliko ninavyoweza kusema. Nawe unayeficha jambo kwa hofu, mwamini Bwana, ulitoe. Daktari akikuuliza, sema, hata kama ni la marehemu. Mimi sikujua kwamba niliwahi kuwa na kaka. Siku niliyosikia jina lake ndiyo siku niliyopona.