Andati na Dawa Iliyotuama Chupani

Baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi, Bw. Jairus Andati, mtafiti mkuu katika idara yetu ya uundaji wa dawa, anastaafu tarehe 31 Desemba 1998.

Alijiunga na kituo hiki, hapa Kakamega, mwaka wa 1971 akiwa msaidizi wa maabara. Baadaye alipelekwa Nairobi kusomea famasia. Wengi walidhani angebaki huko. Alirudi, na sababu aliyotoa ni kwamba Nairobi hawajui kusonga obusuma, ugali wa kwetu.

Shida iliyomshughulisha ilionekana ndogo: watoto walikuwa wakitema dawa ya malaria. Vidonge vilikuwa vichungu, na mama aliyekisaga kidonge kwa kijiko hakujua ni kiasi gani kimefika tumboni na kiasi gani kimeishia kwenye leso. Mwaka wa 1992 Andati alitengeneza dawa ya maji, nzito, iliyotiwa sukari nguru ili kuficha uchungu. Sote tulionjeshwa. Bw. Were wa stoo alionja mara moja tu. Tangu siku hiyo, akiona koti jeupe la Andati likija, alikumbuka kazi ya haraka nje. Ladha iliboreshwa hadi watoto wakaanza kuomba nyongeza, na familia kadhaa za Khayega zikakubali kushiriki katika majaribio.

Mwaka wa 1994 mmoja wa akina mama wa familia hizo, Bi. Navalayo, alimkimbiza hospitalini mwanawe aliyekuwa akitapika na kulegea, muda mfupi baada ya kumpa kijiko cha mwisho cha chupa.

"Alikuwa anaipendanga hii dawa," alimwambia Andati. "Mimi nilimpa vile tu mlisema."

Mtoto alilazwa, akapona. Andati alipima mabaki ya chupa ile, akagundua kwamba dawa ilikuwa imetuama chini. Vijiko vya kwanza vilikuwa hafifu, cha mwisho kikali mno. Chupa ilikuwa na maagizo kwamba itikiswe kwanza, lakini aliitikisa yeye mwenyewe hadi mkono ukachoka, na dawa haikupanda.

Mkurugenzi wa wakati huo alipendekeza maagizo yaandikwe kwa herufi kubwa zaidi, kwa kuwa wafadhili walikuwa njiani. Andati alikataa. Alichukua gari la kituo, akapita nyumba kwa nyumba Khayega akikusanya chupa na kueleza kwamba kosa ni la dawa, si la mama yeyote. Wafadhili walijiondoa, mradi ukasimama, na wenzetu wawili wakapoteza kazi. Mmoja wao hajamsalimia hadi leo.

Alianza upya. Safari hii alibuni kidonge kidogo kinachoyeyuka katika kijiko cha maji, kila kimoja na dozi yake, uchungu ukiwa umefungiwa ndani ya chembechembe zinazofunguka tumboni tu. Mwaka wa 1997 alirudi kwa Bi. Navalayo, ambaye sasa alikuwa na mtoto mwingine, kumwomba ashiriki tena.

"Nitakubali," alisema Bi. Navalayo, "lakini wewe kunywa kwanza."

Andati aliyeyusha kidonge, akanywa. Majaribio hayo yalikamilika bila mtoto yeyote kudhurika.

Mwaka huu dawa yenyewe imeacha kutegemewa, kwani malaria imeizoea. Tulimwendea ofisini kumpa pole, tukamkuta anafunga vitabu vyake kwa kamba.

"Punda amezeeka," alisema, "lakini mkokoteni uko sawa. Tafuteni punda mwingine."

Bi. Beverly Khalayi, anayeshika nafasi yake, tayari anajaribu dawa mpya ndani ya kidonge kilekile.

Mzee Andati, tunakushukuru. Mkeo, Bi. Zipporah, amekungoja Butali kwa muda mrefu. Akupokee kwa ingokho, kuku wa heshima. Miwa yako istawi, afya isikupungukie, na siku zako za kupumzika ziwe nyingi na njema.