Maisha ya Mama Breki, Mwalimu wa Udereva Aliyekataa Kufundisha Ndugu

Ndugu waombolezaji, ninayesimama mbele yenu ni wifi wa marehemu, mume wake akiwa ni kaka yangu wa tumbo moja, na kazi hii ya kusoma nilipewa na marehemu mwenyewe akiwa na akili zake timamu, kwa maelezo kwamba watoto wangelia na kaka angenyamaza, na akaniagiza nisimpambe, kwa kuwa waliojaa hapa ni watu aliowahi kuwafokea barabarani na hawawezi kudanganyika.

Marehemu, ambaye wengi wenu mnamjua kwa jina la Mama Breki, alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa fundi wa malori na mama aliyeuza maziwa nyumba kwa nyumba, akakulia katika nyumba iliyopakana na gereji, ambako, kwa maelezo ya dada zake, alijua kutofautisha mlio wa gia ya pili na wa gia ya tatu kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1964 hadi 1970, na sekondari hadi 1974, akiwa hodari wa hesabu na dhaifu wa kunyamaza, kisha ili kumridhisha mama yake akajifunza kupiga taipu, akaajiriwa katika ofisi ya maji, na huko akakaa akigonga barua za watu wanaokatiwa maji mpaka uzalendo ukamshinda. Tarehe 2 Aprili 1979, akiwa na leseni ambayo wino wake ulikuwa bado mbichi, alianza kazi katika shule ya udereva iliyo nyuma ya posta, kwenye kile chumba chenye ubao uliochorwa makutano ya barabara na vigari vya plastiki visivyo na magurudumu, akiwa mwanamke wa kwanza kukaa kiti cha mwalimu pale, na hakukiacha mpaka mwaka 2018.

Jina la Mama Breki halikutokana na kelele, ingawa kelele zilikuwepo, bali lilitokana na tabia yake ya kumwacha mwanafunzi akosee mpaka mwisho kabisa, akiwa ametulia tuli kama anasikiliza redio, halafu akakanyaga breki ya upande wake bila kutoa onyo, na mwanafunzi akajigonga kidevu, na somo likaingia. Shuleni pale aliweka sheria mbili ambazo hata mkurugenzi alizifuata, ya kwanza ikiwa kwamba mwanafunzi mmoja hafundishwi na walimu wawili ndani ya gari moja, na ya pili kwamba mwalimu hamfundishi ndugu yake, kwa sababu mkishagombana barabarani mtaendelea kugombana mezani.

Kaka yangu ni fundi viatu, na walijuana mwaka 1982 marehemu alipompelekea viatu ambavyo kimoja kilikuwa kizima na cha pili soli yake imekwisha kwa mbele tu, kwa kukanyaga breki, kaka akavigeuzageuza na kumuuliza kwa upole kama mguu wa pili una matatizo, na huyo ndiye mwanamume mnayemwona hapa mbele, aliyeanza uchumba kwa kumdhania mchumba wake kilema. Walifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1983, wakajaliwa watoto watatu, binti mwaka 1984, na wavulana wawili mwaka 1987 na 1991, ambao wote walijifunza gari kwa walimu wengine na kwenda kuishi mbali, huku baba yao akiendelea kwenda kwa miguu kila mahali, hivyo ikawa katika nyumba ya mwalimu wa mji mzima dereva ni mmoja tu. Kinyozi hajinyoi.

Sasa niingie kwenye maradhi, ambayo marehemu hakutaka yafichwe. Kisukari kilimwanza mwaka 1998, presha ikafuata mwaka 2003, na tarehe 20 Agosti 2008 akagundulika kuwa na saratani ya titi, akafanyiwa upasuaji, akapata dawa ya dripu na mionzi, na safari zote hizo aliendesha mwenyewe kwenda na kurudi, akisimama pembeni ya barabara kutapika, akifuta mdomo, akiweka gia na kuendelea, na jioni akinisimulia kwa majivuno kwamba alitapika lakini taa ya kuashiria aliiwasha. Akapona, akarudi kazini, akaota nywele nzuri kuliko za mwanzo na kuturingia nazo.

Katikati ya mwaka 2018 kisukari kilimshika macho, na daktari wa macho akamkataza kuendesha gari na kufundisha, jambo ambalo nawaambia wazi lilimuumiza kuliko titi. Alikaa miezi kadhaa barazani akisikiliza magari ya watu yanavyobadilishwa gia vibaya.

Ndipo tarehe 11 Februari 2019, mbele yangu na mbele ya kaka, daktari wa saratani alipotueleza kwamba ana saratani ya pili, hii ikiwa ya utumbo mpana, si ile ya zamani iliyorudi bali mpya kabisa, na kwamba kwa sukari ile, presha ile na figo zilizoanza kuchoka, matibabu yanawezekana lakini yatakuwa ya kwenda na kurudi kwa miezi mingi, kwanza upasuaji, kisha dawa ya dripu. Daktari huyo, ambaye yumo humu ndani, naye ni mwanafunzi wa marehemu, na mpaka leo akiegesha gari kinyumenyume watu husogea. Marehemu akamsikiliza mpaka mwisho, akakubali upasuaji, na dripu akaikataa. Alisema ya kwanza aliiendesha mwenyewe, na hii ya pili hayuko tayari kubebwa na magari ya majirani kama gunia, leo huyu kesho yule, kila mtu akimwangalia akitapika kwenye mkeka wa gari lake. Binti yake alilia kwenye simu, mimi nilinuna, wala hakubadilika.

Tulipofika mlangoni, kabla hajavua viatu, kaka akamwambia mkewe, "Nifundishe gari." Marehemu alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaona mwenzake hacheki, naye akaacha. Akamkumbusha sheria ya ndugu. Kaka akajibu, "Basi leo mimi si ndugu, mimi ni mwanafunzi, na ada nitalipa." Alikuwa na miaka sitini na sita.

Masharti ya marehemu yakawa mafupi, kwamba kaka asipopata leseni, hakuna dripu, na kuanzia hapo sote tukajua kwamba uhai wake umewekwa chini ya mguu wa fundi viatu. Upasuaji ulifanyika tarehe 4 Machi 2019 ukaenda vizuri, na mara tu aliporuhusiwa kukaa akaanza kazi, na kwa kuwa macho hayakumruhusu kusimamia breki, shule ilitoa gari na mwalimu kijana wa kukaa kiti cha pembeni, lakini kwa ile sheria ya walimu wawili kijana huyo alikatazwa kufungua mdomo, akapewa jina la Kimya, na jina limemganda mpaka leo. Marehemu alikaa kiti cha nyuma, amekumbatia mto tumboni kulinda mshono, akitoa amri, na mtaa mzima ulimsikia akimuuliza kaka inakuwaje mtu anayejua kila mfupa wa mguu ashindwe kuinyanyua klachi taratibu.

Mtihani wa kwanza kaka alianguka kwenye mlima, gari likarudi nyuma na mtahini akashuka mwenyewe. Wa pili alianguka kwa adabu, maana alimpisha kila mtu, wenye magari, wenye baiskeli, hata mbuzi aliyekuwa amesimama tu, mpaka muda ukaisha. Wakati huo daktari alikuwa ananipigia simu akisema siku zinakwenda na dripu haiwezi kungoja zaidi, nami nilikwenda kumlilia wifi yangu, naam, nililia, nikimwomba akubali gari la kukodi, akaniambia nimwache mume wake apate nafasi ya kushinda. Tarehe 29 Mei 2019 kaka akafaulu. Tarehe 3 Juni dripu ya kwanza ikaingia mkononi, na aliyempeleka ni mume wake.

Matibabu hayakuwa lelemama, kwa sababu dawa ya saratani ilipandisha sukari, dawa ya sukari ikimshusha akiwa hajala, kliniki moja ikimwambia ale chochote kinachopita na nyingine ikimkataza nusu ya hicho, mpaka akawaambia madaktari kuhusu sheria yake ya kwanza na kuwaomba wachague mmoja wa kusema. Walicheka, wakaelewana kweli, na tangu hapo maagizo yakatoka kwa daktari wa saratani peke yake. Kaka aliweka peremende na maji ya matunda kwenye gari kwa ajili ya sukari ikishuka, ingawa tulikuja kugundua peremende nyingi alikula yeye kwa hofu ya barabarani. Kwa njia hiyo tulimpata marehemu miaka mitano zaidi, akaona wajukuu wawili wakizaliwa, akagombana nami mara zisizo na idadi, na kila tulipokuwa garini mguu wake ulikanyaga sakafu mahali pasipo na breki.

Mwishoni mwa mwaka 2023 ugonjwa uliingia kwenye ini, na tarehe 25 Mei 2024 daktari alituambia kwa upole kwamba sasa apumzike nyumbani. Nilikuwa kiti cha nyuma siku hiyo. Ninyi mliosafiri naye mnajua kwamba mwanamke huyu hakuwahi kulala kwenye gari linaloendeshwa na mtu mwingine, hata kwenye basi la usiku alikesha akimsimamia dereva. Tulipopita posta niliona mguu wake umetulia, nikaogopa, nikainama mbele, nikakuta amelala na anakoroma. Kaka alimtazama mara moja, akarudisha macho barabarani, machozi yakimtoka na usukani ameushika sawasawa, na tulipofika hakumwamsha, alizima injini akakaa naye pale mpaka alipoamka mwenyewe. Alifariki nyumbani, kitandani kwake, asubuhi ya tarehe 9 Juni 2024.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kliniki zake zote, majirani ambao magari yao aliyakataa na wao hawakukasirika, shule ya udereva pamoja na Kimya, ambaye leo anaruhusiwa kuongea, na ninyi nyote mliofika. Gari la kwanza nyuma ya jeneza ataendesha kaka, amekataa kuendeshwa, na kwa kuwa atakwenda mwendo wa kinyonga, tunaomba asipigiwe honi.

Wifi yangu, kaka yangu umemfundisha, na sasa anajua njia. Lala kwa amani.