Mama Bosi Aondoka Ikulu ya Marekani

Ijumaa ya tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Bosibori Nyamweya atavua hedifoni na kustaafu rasmi baada ya kuitumikia Studio ya Mwangwi kwa miaka ishirini na minne. Katika muda huo ameingia Ikulu ya Marekani karibu kila siku ya kazi, akaamkiana na marais wema na wabaya, akasikia siri zao na kuwalazimisha wote waseme Kiswahili, kisha jioni akarudi zake nyumbani mtaa wa Observatory kubishana na mumewe kuhusu nani apike. Washington yenyewe hajawahi kuikanyaga, na anasema hana haraka.

Kwa wenzetu walioajiriwa juzi, inafaa kueleza. Studio yetu hapa Marshalltown, katikati ya Johannesburg, huingiza sauti za Kiswahili katika tamthilia na vipindi vya Marekani vinavyotazamwa Kenya, Tanzania, Burundi na mashariki mwa Kongo. Bi. Bosibori, au Mama Bosi kama anavyoitwa na kila mtu kuanzia mlinzi hadi mkurugenzi, alianza kama mfasiri, akawa mwongozaji wa waigizaji wa sauti, na kwa miaka tisa iliyopita amekuwa mtangazaji wa kiume mwenye ndevu. Hilo la ndevu tutalifikia.

Alifika Johannesburg akimfuata mumewe, Dkt. Omollo, aliyekuja kufundisha uhandisi chuo kikuu. Yeye mwenyewe alikuwa ameacha darasa la Kiswahili katika shule moja ya sekondari kule Kisii, na hakuwa na mpango wa kufanya kazi kwenye televisheni. Aliingia kwetu kwa njia ya malalamiko. Alikuwa akitazama tamthilia yetu moja ya siasa za Marekani, na mshauri wa rais akatamka kwa huzuni kubwa kwamba mheshimiwa sasa ni bata kilema, Kiingereza kilichotafsiriwa neno kwa neno. Bi. Bosibori alipiga simu studio siku iliyofuata, akaeleza kwa adabu kwamba amesubiri hadi mwisho wa kipindi na hakuona bata yeyote. Aliongeza kwamba mgombea mwenza ameitwa mwenzi wa kukimbia, ilhali mzee mwenyewe alikuwa akitembea kwa mkongojo. Aliyepokea simu alichoka kumsikiliza, akamwambia aje airekebishe mwenyewe. Akaja.

Tangu hapo yule bata hakuonekana tena. Mahali pake akakaa rais anayefunga virago. Seneta ambaye kila uchaguzi alikuwa akiwapelekea wapiga kura wake nyama ya nguruwe alianza kuwapelekea barabara na madaraja, jambo lililowatuliza sana watazamaji wetu wa Pwani. Na yule mbunge anayesimama kuhutubia mpaka wenzake wachoke na kusahau kupiga kura, hotuba yake Mama Bosi aliipa jina la hotuba ya kukesha. Watu wanaotutazama wanalitumia hadi leo, hasa wakimaanisha mahubiri.

Alipopewa kazi ya kuwaongoza waigizaji wa sauti, alitufundisha kuwa siasa za Marekani, kwa mujibu wa tamthilia, huendeshwa kwenye korido. Hakuna anayeketi. Vita huanzishwa na kuzimwa watu wakitembea haraka, mafaili kwapani, wakikatizana maneno. Sauti za waigizaji wetu waliosimama tuli mbele ya kipaza sauti zilikuwa zikitoka kama za watu wanaosubiri kinyozi. Kwa hiyo akaamuru kila mtu apige mguu papo hapo anapozungumza. Pumzi zikapatikana, lakini sakafu ya jengo hili ni ya mbao. Mawakili wa ghorofa ya chini walipanda kwa mstari mmoja kuuliza ni mgomo wa nini, maana walikuwa wakisikia toyi-toyi, ile ngoma ya miguu ya waandamanaji, tangu asubuhi. Mama Bosi aliwaonyesha kwenye skrini kwamba ni Bunge la Marekani linajadili bajeti. Wakashuka, na wiki iliyofuata wakatuletea zulia.

Alikuwa na maoni yake kuhusu marais tuliokuwa tukiletewa. Alisema wako wa aina mbili tu: anayesali peke yake mbele ya dirisha, na anayemuua mtu kabla ya matangazo ya biashara. Rais wa kawaida, anayetia saini karatasi na kuugua mafua, hakupata kuletwa Marshalltown. Tena hakuna anayekula. Chakula huwekwa mezani, simu ikalia, wote wakaondoka. Mama Bosi, ambaye kwao chakula hakiachwi, alikuwa akihuzunika kwa kila sahani. Mtazamaji mmoja wa Kahama alipotuandikia rambirambi kwa kifo cha rais wa tamthilia, ni yeye aliyempigia simu kumwarifu kwamba marehemu hajambo, na kwa sasa ni daktari wa upasuaji katika tamthilia nyingine.

Mwaka 2016 tuliletewa kitu kigeni kwetu: kipindi cha kila wiki ambamo bwana mmoja mwenye suti na ndevu husimama mbele ya watu, akamcheka rais wa nchi yake kwa nusu saa, kisha akamkaribisha mgeni ili wamcheke pamoja. Sauti ya kazi hiyo ilikuwa imeshapatikana. Miezi michache kabla, Mama Bosi alikuwa amesimama pembeni mwa robot, yaani taa za barabarani, akisubiri kuvuka, akamsikia mwanamume anauza vifuniko vya simu kwa sauti nzito, safi, ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Alikuwa Aloys, Mrundi wa mtaa wa Buyenzi, aliyekuwa msomaji wa habari redioni Bujumbura hadi kituo chao kilipofungwa na yeye akakimbia. Mama Bosi alinunua kifuniko kisichofaa simu yake, akampandisha hadi studio.

Lakini Aloys alimsoma yule mtangazaji mwenye ndevu kana kwamba anatangaza msiba. Kila mzaha uliokaribia kumgusa rais aliupunguza makali. Mara mbili aliongeza "Mheshimiwa" mahali ambapo hapakuwa na heshima yoyote. Mkuu wa uzalishaji, Jacques, mtu wa Lubumbashi mwenye moyo mzuri na ratiba mbaya, alitoa wiki mbili: Aloys acheke, au atafutwe mwingine wa kucheka.

Mama Bosi hakumgombeza Aloys. Jumapili baada ya ibada alikwenda kwake katika kitongoji cha Diepsloot, na mwandishi wa makala haya alifuatana naye. Mkewe Aloys, Médiatrice, ana spaza, duka dogo la mtaani, upande wa mbele wa nyumba, na alitukaribisha nyuma ya kaunta kwa maharage na ndizi. Hakuna aliyegusia kazi mpaka sahani zilipoondolewa. Ndipo Médiatrice akaeleza, mumewe akiwa ametazama chini, kwamba mwenzake Aloys wa redioni alifanya mzaha mdogo hewani kuhusu wakubwa, na hakuonekana tena. Mama mzazi wa Aloys bado anaishi kule Buyenzi, na majirani wanatazama idhaa yetu. Mama Bosi alimkumbusha kwa upole kwamba anayechekwa ni rais wa Marekani, tena na Wamarekani wenzake.

"Sauti yake wanaijua mtaa mzima, Mama," Médiatrice akasema. "Hawatasikia Marekani. Watasikia Aloys anamcheka rais."

Tulirudi mjini. Njiani Mama Bosi alisema mara moja tu kwamba yule bwana mwenye ndevu akimaliza kumsema rais wake hurudi nyumbani, akala, akalala, na kwamba kwa miezi yote ameitafsiri mizaha yake bila kuliona hilo.

Jumatatu aliingia ofisini kwa Jacques na kumwambia kwamba Aloys atapewa rais wa tamthilia mpya, mtu mpole anayesali dirishani, na mtangazaji mwenye ndevu atasomwa na yeye mwenyewe, Bosibori Nyamweya, mama wa watoto wanne.

"Mama Bosi," Jacques akasema, "ule mtu iko na ndevu."

Mama Bosi alimjibu kwamba kwa umri wake na yeye ana nywele mbili tatu kidevuni, na kwamba akishindwa atamtafuta mwanamume yeye mwenyewe. Hakujaribu kuiga sauti ya kiume. Alifanya kama wale wasimulizi wa sinema katika kumbi za video kule kwetu, wanaosimama kati ya filamu na watazamaji na kuwapasha mambo yanavyokwenda. Mtangazaji akitaja kwamba rais amesinzia mkutanoni, yeye alisimulia: "Huyu bwana anasema rais wao amelala kikaoni. Mimi simlaumu. Hicho kikao nimekisikiliza chote."

Wakubwa walitarajia malalamiko. Zikaja salamu. Akina mama wa Kisumu walianza kukutana kila wiki kumtazama, na wengi waliamini kabisa kwamba ni mama mzazi wa yule mtangazaji, amepewa nafasi ya kueleza ujinga wa mwanawe na marafiki zake. Hadi leo hupokea ujumbe wa kumwomba amwambie kijana anyoe. Kipindi kilichokusudiwa kwa msimu mmoja kimedumu miaka tisa, na kimetuletea tuzo ile iliyoko pale mapokezi, ambayo Mama Bosi huiegemezea mwavuli wake.

Upande wa pili wa ukuta, Aloys naye alikuwa amepata urais wake. Alikuwa rais mzuri, mwenye subira, na mawakili wa chini hawakumsikia hata mara moja. Kisha ikafika sehemu ambayo rais yule anashindwa uchaguzi. Anasimama mbele ya watu wake, anakiri, anamtakia mema aliyemshinda. Aloys aliisoma mara moja, vizuri kabisa. Tulikuwa tukianza kukusanya karatasi aliposema, "Naomba niseme tena."

Mama Bosi alimwambia aseme. Akasema tena: "Nimeshindwa, nami nampa mkono aliyenishinda." Akaomba tena. Studio ilikuwa inasubiriwa na watu wa tangazo la sabuni, na Jacques alishaanza kutazama saa mlangoni. Mama Bosi alimwinulia kiganja asiingie, akaiacha mitambo iendelee. Aloys alilisema neno lile mpaka sauti ikamkauka, ndipo akatoka na kuketi.

"Mara ya mwisho kumsikia rais wa kwetu akisema hivi nilikuwa mtoto," akatuambia. "Tulidhani ndiyo itakuwa desturi."

Mama Bosi alimmiminia chai, akaketi kando yake, na watu wa sabuni wakaendelea kusubiri.

Msimu uliofuata watunzi wa kule Marekani, wakihitaji tamthilia iendelee, walimrudisha rais yuleyule madarakani kwa hukumu ya mahakama na kura zilizopatikana nyuma ya jiko la shule. Mama Bosi alipoipokea hati hiyo aliificha chini ya magazeti yake kwa siku kadhaa, akitafuta namna ya kumweleza Aloys. Alipoisoma hatimaye, Aloys alisema kwamba huyu mtu hana haya, na kwamba atamsomea kwa sababu ya mkataba tu. Aliibeba sauti ya kinyongo msimu mzima. Watazamaji walisema rais amekomaa.

Miaka mitatu iliyopita mama mzazi wa Aloys aliwasili Johannesburg, akaungana na familia yake Diepsloot. Mwezi Agosti mwaka huu, baada ya Mama Bosi kututangazia kwamba anastaafu na mabishano yakaanza kuhusu nani atarithi ndevu, Aloys aligonga mlango wake na kuomba kiti hicho. Mama Bosi alimuuliza kama ana hakika. Akasema anayo, na kwamba ameshazungumza na Médiatrice. Alirekodi mara ya kwanza wiki iliyopita. Alianza kucheka kabla mzaha haujaisha, akauharibu, ikabidi urudiwe. Safari ya pili akauharibu tena. Mama Bosi alikuwa upande wa mitambo. Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko miwani yoyote inavyohitaji, kisha akampigia ukelele wa Kikisii kwenye kipaza sauti kwamba hapa ni kazini. Tumeambiwa kwamba mama yake Aloys alikitazama kipindi hicho hadi mwisho, akauliza yule anayesemwa amewakosea nini, na kwa nini mwanawe hakusoma habari za kweli.

Mama Bosi na Dkt. Omollo wanahamia Kisii mwezi Desemba, ambako wamejenga nyumba yenye vyumba vitano na, kwa amri yake, isiyo na korido. Wamewaachia watoto wao nyumba ya Observatory. Lakini habari zimetutangulia: akina mama wa wadi yao wameshamfuata kwa simu wakimwomba asimame udiwani mwaka 2027. Tulipomuuliza kama ni kweli, alisema ameguswa na imani yao, kwamba kwa sasa anataka kuwa karibu na familia yake, na kwamba hana mpango wowote wa kugombea.

Bi. Bosibori, asante kwa miaka yote uliyotupa, kwa sauti zetu ulizozipa pumzi na kwa wale uliowangoja mpaka wakawa tayari kusema. Uende salama, shamba likupokee vizuri, na afya yako na ya Dkt. Omollo idumu. Kuhusu udiwani, maneno hayo ya kukataa tumeyaingizia sauti katika kila tamthilia, chini ya uongozi wako mwenyewe, na tunajua sehemu inayofuata huwa nini. Kura zetu hazifiki Kisii. Nauli za kuja kukupigia debe tutatafuta.

Mwende, Idara ya Tafsiri